Injini Ndogo ya Hewa ya Soda

Baba yangu alikuwa fundi saa wa Kilwa Kivinje, na kwa mwaka mmoja na nusu alitengeneza saa za watu bila kuziona. Nasema alitengeneza kwa sababu ndivyo mji ulivyoamini. Aliyezitengeneza nilikuwa mimi, nyuma ya pazia.

Mtoto wa jicho alianzia jicho la kushoto, akahamia la kulia. Mwanzoni baba alilalamika kwamba mafuta ya taa yaliyokuja baada ya vita yana moshi mwingi. Kisha akasema kioo chake cha ufundi, kile kidogo kinachobanwa kwenye jicho, kimechakaa. Siku moja alidondosha skrubu ya saa ya mkononi, akapiga magoti na kupapasa sakafu hadi adhuhuri. Mimi nilikuwa nimeiona tangu mwanzo, karibu kabisa na kisigino chake. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka ajue kwamba nimejua. Mwisho nilishindwa, nikainama, nikamwekea mkononi. Akaishika kwa muda, akauliza, "Ilikuwa wapi?" Nikamwambia, "Mbali, baba. Chini ya kabati." Tangu siku hiyo tukawa na siri.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimerudi kutoka Pande nilikokuwa nimeolewa. Ndoa yangu ilidumu misimu miwili ya kulima, ikaisha bila ugomvi na bila mtoto. Nyumbani nilimsaidia mama kusuka ukili wa mikeka, lakini kazi niliyoijua vizuri ilikuwa ya baba. Nilikua nimekaa kando ya meza yake, nikimshikia kibano na kumpangia magurudumu kwa ukubwa juu ya kitambaa cheupe. Hakuna aliyeniita mwanafunzi. Nilikuwa mtoto wa fundi tu, na mtoto hukaa karibu na baba yake.

Basi tulipanga hivi. Baba alikaa mbele, barazani, akapokea saa na kuiweka sikioni. Sikio lake lilikuwa la ajabu. Aliweza kusema, "Hii imeingia mchanga," au "Hii kamani yake imechoka," na asikosee. Kisha alimwambia mwenye saa arudi kesho kutwa, akaipitisha kwangu chini ya pazia la chumba cha ndani. Mimi niliifungua, nikaisafisha, nikaitengeneza, nikamrudishia. Mwenyewe akija, baba alibana kioo jichoni, akaigeuza saa kama anayeikagua, akasema, "Sasa itakwenda."

Mama hakuupenda mpango huo hata kidogo. "Siku mkifumaniwa," alisema, "msiniite shahidi."

Ilikuwa inasemekana kwamba kule Lindi kuna daktari anayetoa mtoto wa jicho, na watu wamekwenda wakarudi wanaona. Mama alimsihi baba aende. Jibu lake lilikuwa lile lile. "Nikipanda lori kwenda Lindi kutibiwa macho, kabla halijafika Mitole mji mzima utajua kwamba fundi haoni. Nani ataleta saa yake kwa kipofu?" Siri iliyotulisha ndiyo iliyomfungia njia ya kupona. Nililiona hilo, na nadhani yeye pia aliliona, lakini hatukulizungumza.

Wakati huo alikuwapo Mwingereza mmoja aliyepiga kambi Mitole na vyombo vyake, akipima vilima na mabonde. Watu walimwita bwana wa ramani. Kila baada ya wiki mbili alishuka Kivinje kuchukua barua na vyakula. Ijumaa moja asubuhi akasimama mbele ya baraza yetu, ameshika kopo la tumbaku.

"Jambo, fundi."

"Jambo, bwana. Karibu."

Alifungua kopo na kutoa kitu kilichofungwa kwa pamba. Mimi niliona kupitia tundu la pazia. Kilikuwa injini, lakini injini ya namna gani! Silinda yake haikuzidi subana ya mshonaji. Mbele ilikuwa na rafadha ya mbao, lile panga linalozunguka kwenye pua ya ndege, yenye urefu wa kiganja. Nyuma ilitoka bomba la shaba jembamba kama unyasi, lililounganishwa na tangi dogo.

"Mashine hii huvuta ndege ya mchezo," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno mahali pake. "Sasa imekufa."

Baba aliipapasa. "Inakunywa petroli?"

"Hapana. Inakunywa hewa." Akatoa mfukoni kichupa cha chuma, kinene kama kidole gumba, kimefungwa pande zote. Ni vile vichupa ambavyo Wazungu huvitumia nyumbani kutia mapovu kwenye maji ya soda. Ndani yake hewa imeshindiliwa mpaka ikawa maji. Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba inaitwa hewa ya ukaa, ile ile tunayoitoa puani. Bwana wa ramani alieleza kwamba hewa hiyo hujazwa kwenye tangi, kisha hupenya kidogo kidogo kwenye silinda na kusukuma pistoni. Hakuna moto wala moshi.

"Nina vichupa vinne tu," alisema. "Vingine viko njiani kwa meli, labda miezi mitatu. Usivitumie kujaribia. Utaweza?"

Baba akasema, "Iache."

Nilikaribia kujing'ata ulimi. Mgeni alipokwisha ondoka nilitoka nyuma ya pazia.

"Baba, hii si saa."

"Ina kitu kinachosukuma na kitu kinachozuia," alisema. "Saa ni hivyo hivyo. Ifungue."

Niliifungua mchana huo juu ya kitambaa cheupe. Vipande vyake vilikuwa vichache kuliko vya saa, ila vilitaka usahihi ule ule. Juu ya silinda palikuwa na gololi ya chuma ndogo kuliko punje ya mtama, imekalia tundu na kuziba hewa. Kichwani mwa pistoni palitakiwa pawe na msumari mdogo. Pistoni ikipanda, msumari huinua gololi, hewa inaingia, pistoni inasukumwa chini, gololi inarudi kuziba. Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa: msumari ulikuwa umekatika. Na kwenye kikalio cha gololi palikuwa na mkwaruzo uliovujisha hewa, kama mtu alijaribu kuchokoa kwa ncha ya kisu.

Nilimweleza baba. Alisikiliza akiwa amefumba macho, jambo ambalo halikuwa na tofauti kwake, lakini alikuwa na desturi hiyo anapofikiri.

"Msumari tengeneza kwa sindano ya cherehani," alisema. "Ukiwa mrefu, gololi haitawahi kurudi na hewa yote itapotea. Ukiwa mfupi, haitafunguka kabisa. Utapunguza kwa jiwe, si kwa tupa."

Kikalio nilikisugua siku mbili kwa ncha ya mti uliopakwa vumbi la jiwe na mafuta, hadi mkwaruzo ukaisha. Lakini tutajuaje kama injini inafanya kazi, na vichupa tumekatazwa? Mimi ndiye niliyefikiria pampu ya baiskeli. Hewa ni hewa, nilisema. Haitakuwa na nguvu kama ile ya kichupa, lakini ikiizungusha rafadha hata mara kumi, inatosha.

Baiskeli ya karibu ilikuwa ya karani wa forodha, mwanamume mkimya, mjane, aliyependa vitu vyake vikae sawa. Saa yake ya mfukoni ilikuwa imepita chini ya pazia letu mara mbili. Baba alipotuma kuomba pampu, karani alijibu kwamba pampu yake imekwisha potea mara mbili, na hataki ipotee mara ya tatu. Ikitakiwa, atakuja nayo mwenyewe.

Akaja kweli, saa kumi alasiri, baada ya kazi. Akapiga hodi, akamwamkia baba shikamoo, akaketi barazani na pampu magotini. Ikawa mtihani. Injini ilikuwa mkononi mwa baba, imefungwa kwenye pampu kwa kipande cha mpira wa valvu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na jiwe langu.

Karani akapiga pampu. Rafadha haikutikisika.

"Ngoja kidogo," baba akasema, akaingia ndani. Alininong'oneza, "Imeziba. Msumari ni mfupi?" Nikamwambia, "Hapana, ni mrefu, umekwama." Nikapunguza kidogo, akatoka. Pampu ikapigwa tena. Hewa ikatoka yote kwa mkupuo, fuu, rafadha ikaruka nusu duara na kusimama. Baba akaingia tena. Nikapunguza tena, unywele tu. Akatoka.

Mara ya tatu rafadha ilizunguka. Ilitoa sauti ya tiki-tiki-tiki, kama cherehani ya mbali, kwa muda wa pumzi mbili. Karani alicheka kwa furaha, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akicheka. Kisha akasema, "Fundi, huko ndani una taa gani? Kila ukiingia unatoka na mashine iliyopata nafuu."

"Ni kivuli tu," baba akajibu. "Jua la hapa nje linaniumiza macho."

Bwana wa ramani aliporudi alikuwa amebeba ndege yenyewe kwenye sanduku. Umbo lilikuwa la mti mwepesi usioota kwetu, lakini mende walikuwa wamekula karatasi ya mabawa, na mbavu mbili zilikuwa zimevunjika. Aliijaza injini kwa kichupa kimoja hapo hapo barazani, akaisukuma rafadha kwa kidole. Ikaanza kuimba. Tangi dogo likageuka jeupe, likashika ungaunga kama chumvi. Alimpa baba aliguse, na alipokwenda kuongea na dereva wake baba alinipitishia chini ya pazia kama saa nyingine yoyote. Liliunguza kidole kwa baridi. Sikuwahi kugusa kitu cha namna hiyo, katika mji ule ambao hata maji ya mtungini yalikuwa vuguvugu.

"Jumamosi ijayo tutairusha ufukweni," bwana wa ramani akamwambia baba. "Uje, fundi. Mwendo wake hurekebishwa kwa kuzungusha kichwa cha silinda kidogo sana. Inataka mkono wako."

Baba akasema atakuja. Angesema nini?

Wiki hiyo mama aliyachukua mabawa. Hakuulizwa, aliyachukua tu. Aliyageuza, akasema, "Kumbe ni tiara yenye pua." Mbavu zilizovunjika alizibadilisha kwa njiti za chelewa, uti wa jani la mnazi, alizozichonga nyembamba, akagandisha karatasi ya shashi kwa uji wa wanga, akainyunyizia maji kwa mdomo ili ikauke ikiwa imekazwa. Kazi ilikuwa nzuri kuliko ile iliyoliwa na mende. Alipomaliza alimwambia baba, bila kumtazama, "Mimi yangu nimefanya mbele ya watu. Wewe je?"

Baba akaupapasa ubawa kwa kidole.

Jumamosi asubuhi maji yalikuwa yamekupwa sana, na mbele ya boma kulikuwa na mchanga mtupu hadi kwenye mikoko. Watu walikuja wengi kuliko nilivyodhani. Wauza samaki, makarani, mafundi cherehani waliokuwa hawana kazi asubuhi hiyo. Nilisimama na mama miongoni mwa wanawake, nimejitanda kanga.

Jaribio la kwanza halikwenda vizuri. Sanduku la vichupa lilikuwa limekaa juani tangu alfajiri, na hewa ile ikipata joto hupata nguvu kama ng'ombe aliyefunguliwa. Injini ililia kwa kasi. Ndege ikapanda ikiwa imeinua pua, ikasita hewani, ikaanguka chali mchangani. Haikuvunjika. Watu wakaguna.

"Ina mbio mno," bwana wa ramani akasema. Akampa baba ndege na kifunguo kidogo kisichozidi ukucha. "Fundi, punguza. Kidogo tu."

Baba akaishika. Aliutafuta mdomo wa kifunguo kwa kidole, akakitafuta na kichwa cha silinda, akajaribu kuvikutanisha. Vikapishana. Akajaribu tena. Vikapishana. Watu mia walikuwa wakitazama. Nilimwona karani wa forodha akiitazama mikono ya baba kwa makini. Mama alinishika mkono, si kwa kunizuia.

Baba akaacha kujaribu. Akainua uso kuelekea tulikosimama, ingawa hakuwa akituona.

"Mwanangu, njoo huku."

Nilitembea juu ya mchanga ule, na naweza kusema kwamba sijapata kutembea mwendo mrefu kama huo. Nilipomfikia, alinipa kifunguo. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, ambayo kila mtu aliisikia.

"Ndugu zangu, mimi sioni. Ni mwaka na nusu sasa. Saa zote mlizoleta kwangu tangu hapo amezitengeneza binti yangu huyu. Na injini hii ni kazi yake. Niliwaficha, na kosa ni langu, si lake. Mwenye saa iliyoharibika mikononi mwake aseme."

Mtu mmoja alikohoa. Karani wa forodha akatoa saa yake mfukoni, akaiweka sikioni, akasikiliza, akairudisha mfukoni.

Sikuweza kusimama pale kungoja watu waamue. Nikainama, nikafanya kazi. Nilizungusha kichwa cha silinda robo ya robo ya duara. Kisha nikamwambia bwana wa ramani, na hilo lilikuwa neno langu la kwanza kwake, "Vichupa vipoe kwanza. Tuvifunge kwa kitambaa chenye maji." Alinitazama, akamtazama baba, kisha akavua kitambaa chake cha shingoni, akaenda mwenyewe kukilowesha kwenye dimbwi.

Tulingoja kivulini kwa muda. Kisha injini ikajazwa. Safari hii haikulia. Ilisema tiki-tiki-tiki, sauti niliyoijua. Bwana wa ramani akaiachia ndege mkononi bila kuirusha, kama unavyomwachia njiwa. Ikaondoka kwa upole, ikapanda, ikazunguka juu ya mikoko, ikarudi juu ya paa la boma, ikazunguka tena. Mama alisema baadaye kwamba ilikaa hewani muda wa kusoma Fatiha tatu, na namwamini, kwa sababu alikuwa anaisoma. Rafadha ikasimama, na ndege ikashuka yenyewe, kimya, ikateleza juu ya mchanga wenye maji.

"Inafanya nini?" baba aliniuliza muda wote. "Iko wapi sasa?" Nami nilimwambia, ikipanda nilisema inapanda, ikigeuka nilisema inageuka, hadi ilipotua.

Nisingependa kusema kwamba mambo yalinyooka mara moja. Mfanyabiashara mmoja mkubwa alikuja Jumatatu akaichukua saa yake ya ukutani ikiwa bado imefunguliwa. Alisema amedanganywa, na alisema kweli. Wengine wawili walifanya hivyo. Wiki mbili nzima hakuna aliyeleta kitu. Pazia tulikuwa tumelishusha, mama amelifanya foronya, nami nilikaa mbele kwenye meza ya baba nikiwaona watu wakipita na kuangalia pembeni.

Wa kwanza kuja alikuwa karani wa forodha. Aliweka saa yake mbele yangu, si mbele ya baba.

"Inachelewa dakika mbili kwa siku," alisema.

"Nitaiangalia," nikasema. Kisha nikapata ujasiri. "Hukushangaa ile siku ufukweni?"

"Nilijua tangu siku ya pampu. Jua lilikuwa nyuma ya nyumba yenu na dirisha la ndani liko wazi. Kivuli chako kilikuwa chote juu ya pazia, na jiwe mkononi." Akaisogeza saa karibu nami. "Sikuona kama ilikuwa kazi yangu kusema."

Baada yake wakaja wengine, mmoja mmoja, na wanawake pia, ambao zamani walituma saa zao kwa waume au kaka. Bwana wa ramani alipata vichupa vyake vya meli, akatuita Mitole mara mbili kuirusha ndege kwenye mashamba yaliyokwisha vunwa. Aliniambia jinsi ya kupima uzito wa pua na mkia kwa kuiegemeza juu ya vidole viwili. Mwaka uliofuata kazi yake ilihamia bara, akaondoka na injini yake ndani ya kopo lile la tumbaku. Sikumwona tena.

Na baba alikwenda Lindi. Hapakuwa tena na cha kuficha. Alipanda lori mchana kweupe pamoja na mama, watu wakamwombea heri barabarani, na mfanyabiashara yule aliyekasirika alileta tende za safari. Walikaa huko zaidi ya mwezi. Jicho la kushoto halikufaa kitu. La kulia lilifanikiwa.

Alirudi amevaa miwani minene iliyoyafanya macho yake yaonekane makubwa kama ya bundi. Alizunguka nyumba, akatazama kuta, akamtazama mama kwa muda mrefu mpaka mama akamwambia aache. Kisha akaja mezani. Nilikuwa nimefungua saa ya mtu, magurudumu yamepangwa. Hakuwahi kuiona kazi yangu hata siku moja, aliisikia tu. Akabana kioo chini ya miwani, akashindwa, akavua miwani, akabana tena. Aliinama pale mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi.

"Skrubu hii imekwaruzwa kichwani," alisema. "Nani amefanya?"

"Mimi, baba."

"Na hii?"

"Mimi."

"Bisibisi yako ni pana kuliko njia ya skrubu. Mwaka na nusu unafanya hivi?"

"Ndiyo, baba."

Akanyoosha mkono. Nikampa bisibisi. Akavuta jiwe, akatia tone la mafuta, akaanza kuinoa, huku akiniambia nisogee nione anavyoishika.